Amplifaya ya Sebule ya Milimani: Kisa cha Spika Zilizoachwa na Stima ya Kisumu

Nilipoinua kifuniko cha amplifaya ile, walioanguka mezani kwanza walikuwa wadudu. Nzi wa ziwa, wale wanaopaa kama moshi juu ya maji kisha wakafuata taa ya kila nyumba, walikuwa wamekauka na kushikana na vumbi hadi wakawa blanketi la kijivu juu ya mapezi ya kupoozea joto. Chini ya blanketi hilo transista mbili za upande wa kulia zilikuwa zimepasuka, na kapasita kubwa moja imevimba kichwa kama mkate uliozidiwa na hamira.

Mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana. "Fundi, niambie ukweli. Inafufuka?"

"Mama, naweza kuirudisha. Lakini transista zake halisi hazitengenezwi tena, na nyingi zinazouzwa mjini kwa jina hilo ni bandia. Nikikufungia bandia itaimba miezi miwili."

Akanyamaza kidogo. "Basi tutafute nyingine. Lakini mwanangu, safari hii tutafute moja tu. Sina umri wa kurudi dukani tena."

Huyu mama ni mfamasia mstaafu, anaishi Milimani hapa Kisumu. Mume wake alifariki akamwachia santuri zaidi ya mia tatu, benga na rumba kwa wingi na kwaya kadhaa, pamoja na jozi ya spika za KEF R3 alizonunua 2019 alipomtembelea kijana wao Birmingham. Spika hazikuguswa, kwa sababu fyuzi ya ndani ya amplifaya ilikatika kabla balaa halijazifikia. Priamplifaya, ile inayopokea sauti na kuipanga kabla ya amplifaya ya nguvu, na gramafoni pia ni nzima. Kilichokufa ni ile amplifaya ya nguvu, usiku ambao stima ilipotea kwa mvua ikarudi kwa kishindo. Bajeti yake ilikuwa Sh 450,000. Ni pesa nzito, na alitaka kitu cha hadhi ya spika alizoachiwa.

Ninakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kila wiki mtu huniuliza amplifaya ipi ni nzuri, nami humuuliza kwanza: nzuri wapi? Amplifaya inayosifiwa katika nyumba ya Uingereza, ambako stima imetulia na kuna ubaridi miezi mingi, inaweza kuwa mzigo katika nyumba inayotazama Ziwa Victoria. Nilitaka Mama anunue kwa kuanzia na nyumba yake.

Spika zinataka nini

Nilianza na spika, si na katalogi ya amplifaya. KEF wanaiandikia R3 desibeli 87: ukiipa volti 2.83 na kuipima kutoka mita 1, hiyo ndiyo sauti utakayopata. Ukinzani wake wanauandika omu 8, lakini mbele yake wanaweka neno dogo ambalo wanunuzi huliruka: kiwango cha chini kabisa ni omu 3.2. Hapo ndipo amplifaya nyingi huumbuka.

Sebule ya Mama ni ya mita 6 kwa 4.5, na kiti chake kiko mita 3 kutoka kwa spika. Nilipeleka mita ya sauti, nikazipa spika wati 1 kila upande kwa kelele ya majaribio, nikasoma pale kitini desibeli 83 na nusu hivi. Kisha nikamwomba aweke santuri na kuongeza sauti mpaka aridhike kama siku ya kawaida. Mita ikakaa kwenye 77. Maana yake ni kwamba siku nyingi Mama husikiliza kwa robo ya wati. Nilipomwambia hivyo alidhani namtania.

Lakini muziki haukai mahali pamoja. Santuri za zamani za benga zilirekodiwa zikiwa zimebanwa, ngoma haizidi sana sauti ya kawaida. Kwaya ni habari nyingine: mstari mmoja unanong'ona, unaofuata watu arobaini wanafungua vifua. Nikamwambia aongeze kama vile wageni wa Jumapili wamejaa. Wastani ukapanda hadi 84, na kilele cha kwaya niliyopima kikaruka desibeli 18 juu ya hapo, yaani 102. Kutoka 83 na nusu hadi 102 ni desibeli 18 na nusu, na kila desibeli 10 ni nguvu mara kumi, ingawa sikio husikia kama sauti imeongezeka maradufu tu. Ukizidisha unapata takriban wati 70 kila upande. Nikampa desibeli 3 za akiba, na desibeli 3 ni nguvu maradufu. Tukafika wati 140.

Hapo nikageukia ile omu 3.2. Wati 140 kwenye omu 8 ni volti 33.5 za wastani, na kilele chake ni kama volti 47. Volti 47 zikikutana na omu 3.2 zinaita karibu ampea 15. Ni kwa nukta ya sekunde tu, ila ni ampea 15 kweli. Kwa hiyo sikutaka kusikia "wati ngapi" bila kuambiwa kwenye omu 4 inatoa nini. Amplifaya inayotoa wati 140 kwenye omu 8 na 250 kwenye omu 4 ina transfoma na kapasita za kusukuma mkondo. Inayotoa 140 kwenye 8 na 150 kwenye 4 imeshika pumzi.

Stima ya nyumba

Sehemu hii wauzaji hawaigusi, nami ndiyo niliyoitumia muda mwingi zaidi. Nilichomeka kwenye soketi ya sebuleni mita ndogo inayokumbuka kiwango cha juu na cha chini, nikaiacha siku saba. Stima ya Kenya inatakiwa kuwa volti 240, mizunguko 50 kwa sekunde. Kwa Mama mchana ilikaa 238 hadi 243, sawa kabisa. Jumamosi saa mbili usiku, wakati kila jiko, friji na runinga ya mtaa iko kazini, ikashuka mpaka 213. Saa tisa usiku, watu wamelala, ikapanda mpaka 256. Mara mbili katika siku hizo saba ilikatika na kurudi.

Tazama namba hizo zinavyoingia ndani ya amplifaya. Amplifaya ya transfoma ya kawaida haina kitu cha kusawazisha volti za ndani: stima ikipanda, nazo zinapanda kwa kiasi hichohicho. Chukua amplifaya ya zamani iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za volti 220, yenye volti 58 ndani na kapasita zilizoandikwa 63. Kwao imetulia. Ilete Milimani saa tisa usiku: 256 ni asilimia 16 juu ya 220, na zile 58 zinakuwa 67. Kapasita ya volti 63 inabeba 67 kila usiku, mpaka inavimba kichwa. Ndivyo nilivyoikuta ile iliyokufa. Kibandiko chake kilisema 220, na hakuna aliyewahi kukisoma.

Vifaa vilivyotengenezwa kuuzwa Uingereza vina afueni kwetu. Stima yao huandikwa volti 230, lakini inaruhusiwa kupanda asilimia 10 juu, yaani 253, na watengenezaji wanalijua hilo. Cha Japani cha volti 100 kinahitaji transfoma ya kushushia, sanduku jingine zito la kununua. Cha Marekani cha volti 120 kina shida mbili, maana stima yao ina mizunguko 60 na yetu 50. Transfoma iliyotengenezwa kwa mizunguko 60 bila nafasi ya ziada, ukiipa 50, chuma chake kinabeba asilimia 20 zaidi ya kilichokusudiwa. Huunguruma, na hupata joto hata kama muziki haupigi.

Halafu nikapima waya wa ethi kwenye soketi, ule wa kupeleka umeme wa hatari ardhini. Haukuwa umefungwa popote. Sehemu ya tatu ya plagi ilikuwa pambo tu, katika mji ambao radi za jioni kutoka ziwani ni kitu cha kila msimu. Sikuendelea na habari ya amplifaya siku hiyo. Nilimwita fundi wa stima, akapiga fito mpya ya ethi nyuma ya jikoni na kuufunga waya.

Zilizofika mezani

Ya kwanza haikuchukua dakika tano. Jirani alikuwa ameiona dukani, imeandikwa wati 2,000, bei Sh 38,000. Nilimwomba Mama ageuze picha aliyotumiwa tuone nyuma. Fyuzi ya ampea 3. Ampea 3 mara volti 240 ni wati 720, na hizo ndizo zote zinazoweza kuingia kutoka ukutani kwa muda wowote wa maana. Huwezi kutoa elfu mbili kutoka kwa 720.

Ya pili ilitoka kwa kijana wake Birmingham, naye alikuwa amefanya utafiti kwa mapenzi ya kweli. Alipata amplifaya ya Marekani ya daraja A, wati 50 kila upande, ya miaka ya themanini, iliyotunzwa vizuri. Nayaheshimu madaraja A. Nelson Pass, aliyeanzisha Pass Labs mwaka 1991, ametumia maisha yake kuonyesha kwamba saketi rahisi ya daraja A inaweza kuimba kwa utulivu wa pekee, kwa kuwa transista hazizimiki hata muziki unapovuka sifuri. Nilimweleza kijana kwa simu bila kumkatisha tamaa. Wati 50 za daraja A kwenye omu 8 zinahitaji mkondo wa kutulia wa karibu ampea 1.8 kila upande, muda wote, hata kama hakuna anayesikiliza. Kwa volti za ndani za amplifaya ya namna hiyo, ukijumlisha na hasara za transfoma, ni wati 300 hivi zinazogeuka joto. Saa nne kila jioni kwa mwezi ni yuniti 36. Mama atakuwa amenunua friji ya pili inayopasha moto.

"Sebule ya Mama ni nyuzi 29 mchana," nilimwambia. "Kapasita zinazeeka kwa joto. Ukizipunguzia nyuzi 10, umri wake huwa maradufu, na ukiziongezea 10 huwa nusu. Wewe huko joto hilo ni neema. Hapa ataizima."

Kibandiko cha nyuma kilisema volti 120, na picha za ndani zilionyesha transfoma yenye waya mbili tu za kuingiza stima, hivyo hakukuwa na namna ya kuibadilisha iwe 240. Tukaiacha. Kijana hakukasirika. Alisema, "Fundi, nipe basi hesabu unayotaka, nikutafutie huku." Sentensi hiyo ndiyo iliyotuokoa.

Ya tatu ililetwa na mpwa wake wa Nairobi, kwa gari, imefungwa kwa shuka: daraja D, ambayo transista zake huwaka na kuzimika kwa kasi mno badala ya kubaki wazi, yenye moduli za Purifi. Wengi wetu mafundi tulidharau daraja D kwa sababu za kwanza zilikuwa na sauti ya mkwaruzo na zilibadilika tabia kulingana na spika. Mambo yamegeuka. Bruno Putzeys, Mbelgiji aliyefanya kazi hiyo katika kampuni za Philips, kisha Hypex, kisha Purifi ya Denmark, alipata njia ya kuifanya amplifaya ilinganishe sauti inayotoka mwisho kabisa, baada ya koili ya kuchuja, na ile iliyoingia, kisha ijirekebishe. Moduli ya Purifi 1ET400A ilipotoka 2019, upotofu wake, yaani kiasi inachoibadilisha sauti, ulikuwa mdogo kiasi kwamba vifaa vya karakana ndogo kama yangu havifiki hapo. Niliishika mkononi. Uzito wa Biblia mbili tatu. Baada ya saa mbili za muziki kifuniko chake kilikuwa vuguvugu kama kikombe kilichosahauliwa.

Ya nne nilipendekeza mimi: Quad 909, iliyotumika, kutoka Uingereza. Wati 140 kwenye omu 8, 250 kwenye omu 4, haina feni. Nitarudi kwake.

Kipimo cha pazia

Kabla ya kuzungumza habari za umri na ukarabati, nilitaka Mama asikie. Quad haikuwa imefika, kwa hiyo niliweka ile ya daraja D ya mpwa upande mmoja, na upande mwingine amplifaya yangu ya karakana, ya daraja AB, ambayo transista hupokezana kazi na hubaki na mkondo mdogo wa kutulia, wati 60, ambayo nimeipima mara nyingi na ninaijua kama mkono wangu. Tulitundika leso kubwa mbele ya rafu. Mpwa akawa mbadilishaji.

Sharti moja halina mjadala: sauti zilingane. Sikio likipewa mbili, huchagua iliyo juu kidogo na kuiita "safi zaidi", hata kama tofauti ni nusu desibeli. Nilicheza mlio wa mizunguko 1,000, nikapima kwenye vituo vya spika, nikarekebisha mpaka zote zikasoma volti 2.00. Tofauti ya asilimia 1 hapo ni chini ya desibeli 0.1, na hiyo hakuna anayeisikia.

Tulirudia mara 12, kwa santuri aliyoipenda Mama mwenyewe, gitaa la besi likitembea chini ya sauti mbili za wanaume. Alitambua ipi inacheza mara 7. Nikakaa mimi kitini, nikapata 6. Kwa kurusha sarafu ungepata hivyohivyo.

"Kwa hiyo masikio yangu yamezeeka?"

"La, Mama. Yangu pia, na mimi ndiye niliyezifunga. Zote mbili zinafanya kazi yake."

Mwaka 1985 huko Marekani, Bob Carver aliifanya amplifaya yake ya transista ifanane na ya gharama kubwa kuliko hiyo kwa kuziondolea tofauti moja baada ya nyingine, na waandishi wa jarida la Stereophile hawakuweza kuzitenganisha kwa kusikia. Si muujiza. Amplifaya mbili nzuri zisipozidiwa na spika, na sauti zikilingana, hubakia kidogo sana cha kusikia.

Nasema zisipozidiwa, kwa sababu baada ya hapo tuliweka kwaya na kuongeza mpaka kiwango cha wageni wa Jumapili. Hapo yangu ya wati 60 ikafika ukutani. Masoprano walipopanda, sauti ikawa na kingo, kama mtu anayeimba amefunga meno. Mama aliitambua mara nne kati ya nne, na mara ya mwisho aliinua mkono kabla ya mstari kwisha. Ile hesabu ya wati 70 ikawa kitu ambacho ameshakisikia mwenyewe, haikuwa tena namba kwenye daftari langu.

Kwa nini Quad

Kwa sauti, ile ya daraja D ingetosha kabisa. Kama Mama angekuwa na miaka arobaini, akijiagizia vitu mwenyewe, ningemwambia aichukue na asitazame nyuma. Ninalisema wazi kwa sababu uamuzi ulikuwa wa karibu.

Kilichonivuta upande mwingine ni siku itakapoharibika. Ndani ya ile ya mpwa, umeme hupokewa na saketi ya kukatakata stima ya ukutani kabla ya kitu kingine chochote, na hiyo ndiyo inayokutana na radi kwanza. Ikipigwa, huibadilishi transista moja; unabadilisha bodi nzima, inatoka Ulaya, na unaisubiri. Vipande vyake ni vidogo kama punje za mtama, vimebandikwa kwa mashine. Hapa Kisumu tuko mafundi wachache tunaoweza kuvigusa, na mimi mwenyewe nina miaka hamsini na miwili.

Quad ni hadithi tofauti. Peter Walker aliianzisha kampuni yake mwaka 1936, na mwaka 1975 yeye na Michael Albinson waliwasilisha wazo lililoingia katika Quad 405 mwaka huohuo na kurithiwa na 909. Lielewe kwa mkokoteni wa soko la Kibuye uliojaa magunia ya viazi. Nyuma kuna kijana mwenye nguvu anayesukuma. Hajali barabara, kazi yake ni nguvu. Mbele kuna mmoja mwepesi anayeshika mikono ya mkokoteni, akirekebisha kila gurudumu linapoelekea shimoni. Katika Quad, transista kubwa ndizo zinazosukuma mkondo, na amplifaya ndogo ya daraja A ndiyo inayoshika mikono, ikijaza kila kosa la zile kubwa. Vipande vinne vya saketi vimepangwa kati yao ili marekebisho hayo yafike kwa kipimo kinachofaa.

Faida yake kwa nyumba ya Mama haiko katika sauti. Iko hapa: amplifaya nyingi za daraja AB zina kiparafujo kidogo cha kupanga mkondo wa kutulia, na mpango huo huhama kwa joto na uzee. Miaka kumi baadaye aidha inakwaruza kwa sauti ndogo au inaungua yenyewe. Katika Quad transista kubwa hazihitaji mkondo wa kutulia. Hakuna kiparafujo cha kuhama. Ikiwa haipigi muziki inakaa baridi, na Mama anayesikiliza kwa robo ya wati atakuwa na amplifaya baridi maisha yake yote. Vipande vyake vinapita kwenye matundu ya bodi, vya ukubwa wa kushikika, na michoro ya saketi za familia hiyo imezagaa duniani. Nikifa kesho, fundi yeyote makini wa Kisumu, Kakamega au Nakuru anaweza kuifungua na kuisoma.

Kufunga

Kijana aliipata, akanitumia picha za ndani na za kibandiko cha volti kabla ya kulipa. Pamoja na usafiri na kodi, ikiwemo VAT ya asilimia 16, ilifika kwa Sh 148,000. Sikuiwasha siku ya kwanza. Nilibadilisha kapasita zake kubwa kwa mpya zenye nafasi ya kutosha ya volti na uwezo wa nyuzi 105, nikaiamsha polepole kupitia balbu ya wati 100 iliyofungwa kwa mfululizo, mkono mmoja mfukoni. Balbu iliwaka kidogo ikafifia. Nikapumua.

Kisha kinga ya spika. Transista ya mwisho ikifa vibaya, volti zote za ndani huelekezwa kwenye spika bila kusita, na koili ya spika inakuwa waya wa jiko. Niliongeza bodi yenye relei, swichi inayoendeshwa na umeme, inayokata ikiona volti hiyo. Kuna jambo ambalo mafundi wengi hulikosa hapa: mkondo wa namna hiyo, usiogeuka mwelekeo kama wa stima ya ukutani, haukatiki kirahisi, huruka kati ya ncha za relei kama cheche ya kuchomelea na kuendelea kupita. Kwa hiyo nilifunga kwa njia ambayo relei ikiachia, spika yenyewe inaunganishwa na ardhi ya saketi. Cheche ikiruka, inakwenda ardhini. Fyuzi inamaliza kazi.

Ukutani niliweka gadi inayokata stima ikizidi 255 au ikishuka chini ya 195, na inayosubiri dakika tatu stima ikirudi kabla ya kuiruhusu ipite. Gramafoni na priamplifaya pia vinapita hapo. Nikamwomba Mama jambo moja la zamani: ukiona mawingu meusi upande wa ziwa na hakuna anayesikiliza, chomoa plagi. Hakuna kifaa kinachoshinda plagi iliyochomolewa.

Usumbufu ulikuwa mmoja. Quad hii inafika nguvu yake yote kwa chini ya volti 1 ya kuingiza, na kicheza disiki cha marehemu kinatoa 2. Kitufe cha sauti kiligeuka kidogo tu, sebule ikajaa. Nilitengeneza kipunguzi cha vikinza viwili kila upande ndani ya plagi, na kitufe kikarudi kuzunguka kwa raha mpaka juu katikati, kama mshale wa saa sita.

Nzi wa ziwa nao nilikuwa nimewawekea kinyongo. Nilizungushia rafu, si amplifaya, wavu wa chandarua uliokazwa kwenye fremu, ukiwa umbali wa sentimita 15 kutoka kwa matundu ya hewa, na taa ya meza iliyokuwa juu yake tukaihamishia upande wa pili wa chumba. Kila mwezi wa tatu, kabla ya mvua ndefu, nitakuja na brashi.

Kazi yote kwa pamoja ilifika Sh 209,000. Kwa sehemu ya zilizobaki Mama alinunua sindano mpya ya gramafoni, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imechakaa kuliko yeye alivyojua, na hiyo sindano, nakiri, ilibadilisha sauti ya sebule ile kuliko amplifaya yoyote tuliyoijaribu.

Mwezi wa nne uliofuata, saa moja na nusu jioni, mvua ikapiga tangu Dunga mpaka Mamboleo na stima ikaenda. Iliporudi, simu yangu ikalia.

"Fundi, taa ya gadi ni nyekundu. Nifanye nini?"

"Usifanye chochote, Mama. Nisimulie habari za nyumbani."

Akanisimulia kuhusu maembe, kuhusu mjukuu aliyepata meno mawili. Kisha nikasikia mlio mdogo wa gadi nyuma ya sauti yake, na baada ya sekunde tatu mlio mwingine, wa relei niliyoifunga mwenyewe. Alikuwa ameacha sindano juu ya santuri. Gitaa likaanza likiwa chini na zito, likivuta miguu, likapanda mpaka likafika mwendo wake, na Mama akaacha kuzungumza.